Nilivyoivunja 4,294,967,297 kwa kalamu na karatasi

Namba hii ni 2³² + 1. Mwanahisabati Fermat aliidhania namba tasa. Mwanahisabati mwingine, Euler, akaonyesha mwaka 1732 kwamba inagawanyika. Ukiijaribu kwa 2, 3, 5, 7 na kupanda, tasa 115 zitakukatalia kabla ya kufika inayokubali, kwa hiyo sikuanzia huko.

Tasa yoyote inayoigawa lazima iwe ya umbo la 128k + 1, k ikiwa namba nzima. Euler alitumia 64k + 1. Lucas, mwanahisabati wa baadaye, ndiye aliyekuja kuibana zaidi. Orodha inaanza hivi: 129, 257, 385, 513, 641. Nikakata 129 na 513 (zinagawanyika kwa 3) na 385 (kwa 5). Hata 257 haifai: 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 ni 4,294,967,295, pungufu ya namba yetu kwa 2 tu, na kinachozigawa zote mbili lazima kigawe 2. Ikabaki 641.

Hapo usikimbilie kugawanya namba nzima, fuata baki. 2⁸ ni 256. Mraba wake ni 65,536. Ondoa 641 × 102, yaani 65,382, baki ni 154. Mraba wa 154 ni 23,716, na 641 × 37 ni 23,717. Imepungua moja kamili! Baki la 2³² basi ni −1. Ongeza 1, unapata sifuri. Ukisahau kupunguza hadi 154 kabla ya kupiga mraba wa pili, unarudi kwenye tarakimu kumi zilezile ulizozikimbia.

Sasa gawanya: 6,700,417. Wengi huishia hapa, ilhali nayo inahitaji kupimwa. Kipeuo chake cha pili ni 2,588 na ushei, na tasa za umbo letu hadi hapo, ukiacha 257, ni nne: 641 (huenda ikagawa mara mbili, usiiruke), 769, 1,153 na 1,409. Nilipata baki 44, 120, 334 na 622. Hakuna sifuri, kwa hiyo ni tasa.

Ukihakiki kwa programu, angalia ukubwa wa namba. Kwenye biti 32 zisizo na alama (zisizobeba namba hasi), 2³² hugeuka 0 na jumla yako inakuwa 1. Tumia biti 64, au chukua baki kila baada ya mraba. Ukiona 154 baada ya mraba wa kwanza, uko sawa.