Nilivyoipata sauti ya huzuni kwenye tangi la maji

Prodyuza wa kwanza niliyemwendea alisikiliza nusu dakika tu, akavua hedifoni. "Dogo, wimbo umelala huu. Nani atacheza?" Nikamwambia hauchezwi, unasikilizwa ukiwa chali, taa imezimwa. Akacheka, akanitilia biti ya singeli. Elfu hamsini yangu, au sitini, na soda zao juu, nikatoka na wimbo unaokimbia kama machinga aliyeona mgambo. Nikapanda baiskeli kutoka Ngamiani kurudi Chumbageni, hapa Tanga mjini, nimenuna njia nzima.

Mimi napenda wale waimbaji wanaojitungia na kujirekodia chumbani, sauti ya kunong'ona, gitaa linalosikika kama liko nyumba ya pili. Clairo wa Marekani alivuma mwaka 2017 kwa video aliyojipiga mwenyewe chumbani kwa kamera ya laptop. Nikajiuliza, simu ninayo, gitaa ninalo, huzuni ndiyo usiseme, sasa napungukiwa nini? Mwangwi. Sauti yangu ilitoka kavu kama mhogo wa juzi. Nikajaribu mwangwi wa programu ya simu, nikawa kama diwani kwenye mkutano wa hadhara.

Ndipo rafiki yangu mmoja, Mungu amsamehe, akasema nenda mapango ya Amboni. Na mimi nikaenda! Gitaa mgongoni, baiskeli, jua la saa sita. Nikalipa kiingilio, nikamwomba mwongozaji anyamaze kidogo, akanyamaza kwa adabu kabisa. Nikafumba macho, nikaanza. Beti ya kwanza safi. Ya pili, popo wakaanza kupigana vikumbo juu yangu, nikaendelea. Kwenye kiitikio, "usiende, usiende", wakaingia wanafunzi wa ziara, kama arobaini, na bila kuombwa wakaitikia: "Nendaaa!" Mwalimu wao akawakemea, lakini naye alikuwa anacheka. Rekodi hiyo ninayo mpaka leo. Haifai kwa lolote ila kunishusha nikianza kujiona msanii.

Dawa nilikuwa naikanyaga kila siku. Nyumba tunayopanga ina tangi la saruji la chini ya ardhi, la kuvunia maji ya mvua. Wiki hiyo lilikuwa limekaushwa lisafishwe. Nilichungulia nikaita "oyaa", sauti ikazunguka, ikazunguka, ikarudi imelainika. Nikakumbuka niliyowahi kusoma, kwamba mwaka 1947 kule Chicago, fundi mitambo Bill Putnam aliugeuza msala wa studio kuwa chumba cha mwangwi. Kama choo kilifaa, tangi je?

Msiingie kuimbia ndani, hewa ni nzito na mkiteleza mtaokotwa asubuhi. Mimi niliimba kwanza chini ya blanketi, feni imezimwa, jasho linatiririka, ili sauti itoke kavu kabisa. Halafu saa nane za usiku, bodaboda zimetulia, nikateremsha spika ndogo kwa kamba ya kuanikia nguo, ikiimba ule wimbo. Simu ya pili nikaitia kwenye soksi, nikaining'iniza upande wa pili. Soksi iwe safi, si kwa ajili ya sauti, kwa ajili ya simu. Spika usiikaze sana, ikikoroma umeharibu.

Mama mwenye nyumba akatoka na tochi. "Weye mwana, unazamisha nini humo?"

"Shikamoo mama. Naimba."

Akasimama. Tangini ilikuwa inatoka sauti yangu, chini kabisa, kama ya mtu aliyekufa akakumbuka kitu. Akasikiliza mpaka mwisho, kanga kaikumbatia. "Mbona kama taarabu zetu za zamani, za akina Black Star? Nani kakuacha?" Na sikuwahi kufikiri hivyo, lakini kweli, Black Star nao walikuwa hapahapa Tanga na magitaa yao, wakiimba mapenzi yanayouma bila haraka.

Kuchanganya hakuna maajabu. Sauti kavu iwe mbele, ya tangini uitie chini kama chumvi, ukiisikia waziwazi umezidisha. Ila ujanja ninaojivunia ni huu: niliimba haraka kidogo kuliko nilivyotaka, kisha nikapunguza mwendo wa wimbo mzima kwa asilimia nane hivi, nikaiacha na sauti nayo ishuke. Gitaa likawa zito, mimi nikawa kama nimeamshwa usingizini. Ulipoisha nilimtumia yule prodyuza. Akauliza nimetumia programu gani.

Mwishoni mwishoni, gitaa likishanyamaza, kuna "to!" moja. Watu wananisifu kwa hiyo, eti nimeiweka mahali pake hasa. Ni tone la maji lililosalia ukutani. Nilijaribu kulifuta mara tatu, likakataa.