Nilivyoisoma Riwaya ya Tamthilia ya Mizimu Nikivuka Kamanga

Riwaya yenyewe niliipata Makoroboi, sokoni jijini Mwanza, katika rundo la vitabu vya mitumba vilivyotandazwa juu ya turubai, na sikuichukua kwa ajili ya mwandishi wake bali kwa ajili ya vijana wawili ninaowafahamu kwa miaka mingi, Sam na Dean Winchester, ndugu wanaowinda mizimu na mapepo katika Supernatural, tamthilia ya Marekani iliyoanza mwaka 2005 na kumalizika mwaka 2020 ikiwa na misimu 15 na sehemu 327. Kitabu kinaitwa Nevermore, kazi ya Keith R. A. DeCandido iliyotoka mwaka 2007. Muuzaji aliniachia kwa shilingi 2,000.

Jaribio la kwanza lilinishinda. Nilitaka kitabu kinipe kile ambacho luninga ilinizoesha: giza, magitaa, mngurumo wa ile Chevrolet Impala ya mwaka 1967. Badala yake nilikutana na Kiingereza cha mitaa ya Bronx, mjini New York, na mwandishi asiyejisumbua sana kuwatambulisha watu wake kwa kuwa anaamini kwamba aliyenunua kitabu tayari anawajua. Zaidi ya hayo, sikuwa na hofu yoyote juu yao. Kisa kimewekwa katika msimu wa pili, nami nilikwisha kuwaona hao ndugu wakiishi hadi msimu wa 15, au tuseme wakifa na kufufuka, maana katika tamthilia ile kifo ni kama safari ya Ukerewe: mtu huenda na kurudi. Nikakiweka kabatini.

Aliyeniokoa ni mpwa wangu, kijana ambaye flashi yake haikosi sizoni mpya. Alipokiona kitabu aliniambia, "Mjomba, hiki kinaanzia pale ilipoishia sehemu ya nane. Itazame kwanza." Kisa cha riwaya kimepachikwa baina ya sehemu mbili za msimu wa pili, ya nane na ya tisa, na ile ya nane inahusu pepo wa njia panda ambaye humpa mtu anachokitaka kisha huja kuidai roho yake baada ya miaka 10. Hilo halikuhitaji kufafanuliwa kwangu. Hapa kwetu nani hajawahi kuikwepa njia panda alfajiri, akihofia kukanyaga maji ya dawa ya mtu aliyeogeshwa hapo usiku?

Nilipoirudia sehemu hiyo nilikumbuka jambo ambalo ndilo lililonifungulia kitabu. Mwanzoni mwa msimu huo baba yao anafariki, na kabla ya kufa anamnong'oneza Dean siri inayomhusu Sam, kwamba huenda siku moja ikabidi amuue mdogo wake mwenyewe. Dean haitoi siri hiyo hadi baada ya sehemu ya tisa, kwa hiyo katika riwaya nzima bado ameibeba. Hofu yangu ikahamia hapo. Kila mzaha aliomtupia Sam ndani ya gari niliusoma kama mzaha wa mtu anayeficha jambo, na sikujali tena kwamba najua watapona.

Nilichukua pia hatua ya pili, kwani mauaji ya riwaya hiyo yanaiga hadithi za Edgar Allan Poe, aliyewahi kuishi katika nyumba ndogo hukohuko Bronx, ambamo mkewe Virginia alifariki mwaka 1847. Nikasoma hadithi zake mbili fupi: ile ya mwaka 1841 ambayo muuaji wake ni orangutani, na ile ya mwaka 1846 ambayo mtu anajengewa ukuta akiwa hai. Ni ngumu, nakiri, lakini zilinipa raha ya kuwatangulia wapelelezi kwa hatua moja.

Kusoma kwenyewe kulifanyika kivukoni. Mimi hufundisha ng'ambo, upande wa Kamanga, na ile takriban nusu saa ya kuvuka Ziwa Victoria kutoka Mwanza ilinitosha kwa sura moja au pungufu. Mama mmoja muuza dagaa, ambaye tulizoea kukaa benchi moja, aliliona jalada akaniuliza kama mwalimu ameanza kusoma mambo ya mashetani. Nikalazimika kumsimulia, na tangu siku hiyo kila asubuhi alinidai tulipofikia. Kusimulia kulinisaidia kuliko kamusi, kwa sababu sikuweza kumweleza nisichokielewa, hivyo nilisoma kila ukurasa kwa uangalifu.

Chumvi ya kuzuia mizimu mlangoni aliikubali mara moja. Nilipofika kwenye desturi ya ndugu hao ya kuifukua mifupa ya marehemu, kuimwagia chumvi na kuichoma ili mzimu utoweke, alitikisa kichwa. "Mwalimu, mzimu hutambikiwa, hauchomwi. Hao vijana wamemuuliza marehemu anataka nini?" Sikuwa na jibu. Katika misimu yote 15 niliyoitazama, swali hilo halikuwahi kunijia, na kurasa zilizobaki nilizisoma nikiwa upande wa marehemu.

Nilipofunga ukurasa wa mwisho tulikuwa tumeshakaribia gati. Mama alisikiliza hadi tamati, akajitwika beseni lake, kisha akaniuliza kama hao wawili wana kitabu kingine.