Msalaba tu ndio wa zamani: ukirudi Malindi baada ya miaka

Aliyekaa nje miaka kumi au ishirini akirudi Malindi, wageni wake huwa na ombi lile lile: tupeleke kwenye nguzo ya Vasco da Gama, yule nahodha Mreno. Basi kabla ya kuwapeleka, rekebisha kwanza somo la shule ya msingi. Ile koni nyeupe iliyosimama kwenye ncha ya mwamba si kazi ya Vasco da Gama. Chake ni msalaba wa juu peke yake, jiwe la chokaa lililosafiri kwa meli kutoka Lisbon, likiwa limechongwa ngao ya mfalme wa Ureno. Koni ilijengwa baadaye ili kuushikilia, na mwaka 1873 mabaharia wa manowari ya Kiingereza, Briton, wakaiimarisha kwa saruji. Mgeni akipiga picha ya koni na kuukata msalaba, amepiga picha ya kiegemeo.

Hata mahali sipo. Nguzo ya kwanza ilisimamishwa mjini, karibu na nyumba ya mfalme wa Malindi. Waislamu wa mji hawakupendezwa na msalaba kusimama pale, ikaondolewa, na ni katika karne ya 16 ndipo iliposimamishwa huku kwenye rasi.

Mwaka nao una mushkeli. Watu husema 1498, kwa kuwa ndio mwaka meli zake zilipofika: zilitia nanga tarehe 14 Aprili, zikaondoka tarehe 24 zikiwa na rubani, na tarehe 20 Mei zikawa mbele ya Calicut, India. Lakini ruhusa ya kusimamisha nguzo iliombwa safari ya kurudi, Januari 1499, na hali ya walioiomba ilikuwa mbaya. Hapo ndipo pa kusimulia, na anayejua pepo zetu ataelewa haraka kuliko msomaji wa Ulaya. Kwenda walibebwa na kusi linaloanza, siku 26. Kurudi hawakusubiri kaskazi. Waliondoka pwani ya India tarehe 5 Oktoba, bahari ikiwa shwari na upepo ukiwapiga usoni, wakaja kuiona Mogadishu tarehe 2 Januari. Siku 89. Kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, kiliua watu wapatao 30 katika kuvuka huko, na kila chombo kikabaki na mabaharia saba au wanane wenye nguvu za kufanya kazi. Walipofika Malindi tarehe 7, kitu walichotumana haraka kwenda kukitafuta pwani kilikuwa machungwa. Siku chache baadaye, upande wa Tanga, ilibidi waichome moto meli yao São Rafael kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Kuhusu rubani: wengi wetu tulikaririshwa jina la Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia kutoka Julfar, Uarabuni. Shajara ya safari yenyewe haimtaji. Mwandishi wa Kireno João de Barros anamtaja Mwislamu wa Gujarat, kwa jina “Malemo Caná”, na hilo “malemo” bila shaka ni mwalimu, cheo cha mwongoza chombo, wala si jina la mtu. Wageni wakikuuliza, wape hilo la Barros. Watembezaji wengi bado wanashikilia Ibn Majid kwa sababu lina mvuto, na kubishana nao ni kupoteza mchana.

Sasa mambo ya njiani. Tiketi za Makumbusho ya Taifa hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya serikali ya huduma na malipo, na raia na mgeni wana bei mbalimbali. Mtu wa ughaibuni hujikuta analipa kama mgeni kwa kuwa kitambulisho kimebaki kabatini, au laini yake ni ya nje na haina M-Pesa. Beba kitambulisho au pasipoti ya Kenya. Uliza getini kama tiketi hiyo hiyo inakuingiza pia kwenye kanisa dogo la Wareno na jumba la makumbusho.

Ukitaka kuona mwamba kwa chini, nenda siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maana maji hukupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Siku za maji mafu, yasiyokupwa sana, hutaona kitu. Vaa viatu vyenye soli ngumu. Utaona jinsi mawimbi yanavyokula mwamba katikati, pale maji yanapopanda na kushuka, hadi sehemu ya juu inabaki ikining’inia bila nguzo chini yake na mwisho inaporomoka. Usisimamishe watoto ukingoni kwa ajili ya picha. Picha yenyewe ni nzuri zaidi alasiri: asubuhi jua linatoka baharini na msalaba unakuwa kivuli kitupu.

Usishangae pia ghuba ikikuchanganya. Matope ya Mto Sabaki husukumwa kusini wakati wa kaskazi, maji yanakuwa mekundu, na mchanga umejaa kiasi cha ufuo kupanuka kuliko ulivyouacha.

Ukirudi mjini kwa miguu, pitia makaburi mawili ya nguzo kando ya Msikiti wa Juma. Hayo ni matumbawe na chokaa, kazi ya mafundi wa hapa, na yanakadiriwa kuwa ya karne ya 14 au 15. Wageni wachache huyaomba. Waonyeshe hata hivyo, kisha uwaulize nani aliyemfundisha nani kusimamisha nguzo Malindi.