Upinde wa mforsadi

Nilichokitamani kwanza ni gobore, ile bunduki ya zamani inayoshindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu, kisha risasi ya duara iliyoviringishiwa kitambaa. Marekani kuna watu wanaoitengeneza wenyewe jioni baada ya kazi, na wikendi wanakwenda kulenga shabaha. Hapa Kenya kutengeneza bunduki bila leseni ni kosa, na sheria hiyo naiona sawa. Kiu yangu lakini ilikuwa ya mikono, kwa hiyo nikageukia upinde.

Nyuma ya nyumba yetu hapa Njoro kuna mforsadi, ule mti ambao matunda yake huwaacha watoto na midomo ya zambarau. Mbao yake hukunjika na kurudi bila kuchoka. Nilikata tawi moja lililonyooka, nikalipasua kati kwa kabari, nikapata vipande viwili. Kila ncha niliipaka rangi ya mabati iliyobaki, maana maji hutokea haraka pale mti ulipokatwa, na nyufa huanzia hapo hapo. Vikakaa juu ya dari ya jikoni miezi minane.

Kipande cha kwanza nilikiharibu. Nilipobandua ganda nikakuta mbao nyeupe, na mimi nilitaka ile ya kahawia iliyo ndani, basi nikaiparua kwa panga na randa hadi ikapendeza. Nilipouvuta upinde mara ya nne ukapasuka kwa mlio uliomtoa mama watoto jikoni. Nyuzi za mbao zilikuwa zimechomoka mahali panga lilipokata. Mgongo wa upinde, yaani upande unaotazama shabaha, ndio unaovutwa, na nyuzi zake zikikatwa hakuna kitu cha kuushika. Niliumia sana.

Jirani yetu, mzee aliyekulia Baringo, alikishika kile kipande akakigeuza mara moja tu. "Kijana wangu, ukishatoa ganda, mgongo usiuguse tena. Kazi yote iko tumboni, upande unaokutazama wewe." Nikamwambia nimesikia, mzee.

Cha pili kilinichukua Jumamosi tatu, na hizo ndizo Jumamosi nilizozipenda kuliko zote mwaka huo. Nilikitundika ukutani kwa misumari miwili, nikavuta kamba polepole huku nikirudi nyuma ili nione mikono yote miwili ya upinde kwa pamoja. Wa kushoto ulibaki mgumu kama ubao. Nikaukwangua tumboni kwa kipande cha chupa, maranda membamba kama karatasi yakianguka miguuni. Mikwaruzo ishirini, kisha kuuvuta kidogo mara thelathini ili mbao ijifunze, kisha kutazama tena. Ukiona kasoro usivute kupita hapo. Ukipita, mbao inapinda na haitarudi. Jumamosi ya tatu mikono yote miwili ilijikunja sawasawa, na mizani ya kupimia magunia ikasoma kilo 17 kamba ilipovutwa inchi 26.

Uzi wa nailoni ulinisumbua kwa kurefuka ukivutwa. Mzee akanisokotea wa katani ya Mogotio, akaupaka nta ya nyuki. Mishale nimechonga kwa matete, na kila mmoja una manyoya matatu ya jogoo kutoka bawa moja. Ya kushoto na ya kulia hujipinda kinyume, ukiyachanganya mshale unapigana wenyewe hewani.

Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977, nami sina hamu ya kumwaga damu ya mnyama. Nalenga gunia lililoshindiliwa majani makavu ya mahindi, nyuma yake kichuguu cha udongo, na watoto lazima wakae nyuma yangu. Umbali ni hatua kumi na tano. Mshale wa kwanza ulipita juu. Wa pili ulizama hadi kwenye manyoya, na mzee, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo, akasimama akaenda kuuchomoa mwenyewe.

Tawi lingine liko darini sasa, ncha zake zimepakwa rangi.