Vyuma vya uani: nilivyochagua vifaa vya mazoezi Wete

Dambeli, kile chuma kifupi cha kunyanyua kwa mkono mmoja, ikiwa ya kilo 10 itabaki kilo 10 hadi Kiyama. Hilo ndilo lililoniongoza katika ununuzi wangu wote, kwa sababu misuli ikishauzoea uzito huacha kuongezeka nguvu, na mie nilikuwa nataka nguvu, wembamba sina haja nao.

Nimeshavuka arubaini. Mama yangu alianguka bafuni akavunjika nyonga, na daktari akatueleza sie mabinti zake kuwa mifupa ya mwanamke hupungua uimara kwa kasi hedhi inapokoma, na kwamba mazoezi ya uzito husaidia kuihifadhi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima aipe misuli kazi hiyo angalau siku 2 kwa wiki. Kwenda jimu kukaa katikati ya vijana wa kiume sikutaka. Nyumbani tuna ua mpana wenye ukuta mrefu, basi yakaishia hapo.

Dambeli za kununua jozi kwa jozi nilizikataa mapema. Utahitaji jozi nyingi, na kila kilo inalipiwa nauli ya boti kuja Pemba. Nikaamua rodi mbili fupi zenye nati za kubana pembeni, za kubadilisha visahani, vile vya duara vya uzito vyenye tundu katikati. Wifi yangu anakaa Mwanakwerekwe, Unguja, nikamtuma kwenye vitu vya mtumba. Akanipigia simu kafurahi.

"Wifi, nimepata visahani vimeandikwa kumi, bei ya kuokota!"

"Kumi nini?"

"Kumi tu. Hebu... pana l na b."

Hizo ni ratili: 10 lb ni kama kilo 4 na nusu. Si vibaya, mradi ujue unachonunua na usichanganye upande mmoja kilo, mwengine ratili. Nikamwambia apime na tundu. Rodi nyingi za nyumbani huwa na unene wa milimita 25 hadi 28 hivi, lakini visahani vya rodi kubwa za mashindano vina tundu la milimita 50. Ukivivisha kwenye rodi nyembamba vinachezacheza, na nati haivikamati. Hatimaye alileta vya kilo 5, vya 2.5 na vidogo vya 1.25. Hivi vidogo wauzaji huvidharau, na mie ndivyo ninavyovitumia kuliko vyote.

Kisha kuna chumvi. Wete upepo unatoka baharini, na chuma hakina rafiki hapa. Kutu huanza kwenye nyuzi za rodi, pale nati inapopita. Ikishaganda, kubadilisha uzito kunakuwa ugomvi. Visahani vya plastiki vilivyojazwa saruji havishiki kutu, ila ni vinene na vikidondoka hupasuka. Nikabaki na chuma kilichopakwa rangi. Nikimaliza nafuta jasho kwa kitambaa kikavu, nyuzi nazitia mafuta ya cherehani, na vyote vinalala juu ya ubao ndani ya stoo, si kwenye sakafu.

Benchi alinichongea fundi wa mageti, mzee wa mtaani.

"Mwanangu, benchi la kukalia au la kulalia?"

"La kulalia, mzee, na mikononi nna vyuma."

Nilimpa vipimo vya mashindano ya pawalifti, yale ya kunyanyua vyuma vizito: upana sentimita 29 hadi 32, kimo 42 hadi 45. Likiwa pana zaidi mabega hayapati nafasi. Likiwa refu miguu inaning'inia. Mie mfupi, hata hivyo, kwa hiyo naweka ubao chini ya nyayo. Kabla sijalilalia tulilipakia magunia mawili ya mchele ya kilo 50, tukalitikisa. Halikulia.

Kwa miguu sikununua kitu. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20 na uzito wa dumu lenyewe, na kila lita unayoongeza ni kilo moja. Kifaa kinachopanda polepole namna hiyo ndicho nilichokitaka. Nabeba mawili, moja kila mkono, natembea uani kwenda na kurudi. Au nalikumbatia moja kifuani nachuchumaa na kuinuka. Likiwa nusu maji yanapiga huku na huku, yanakuyumbisha, na tumbo linafanya kazi mara mbili. Jirani aliniuliza kama mfereji umekatika.

Mikanda ya mpira ya kuvuta ninayo pia, kwa ajili ya mgongo. Iweke mbali na jua, uikague kila unapoitumia. Ukiona ufa mdogo, tupa, maana ikikatika inarudi usoni.

Kilichobaki ni bomba la kushika juu na kujivuta kwa mikono. Fundi anataka nguzo mbili zizikwe kwa zege, asiuguse ukuta. Nimemwambia asubiri mchumo wa karafuu.