Ukubwa wa Namba na Mfuatano Wake

Kujua kwamba 7 inaizidi 6, na kujua kwamba 6, 7 na 8 zimepangwa kwa kufuatana, huonekana kuwa ujuzi uleule. Kwa maoni yangu ni aina mbili za ujuzi, na ushahidi unaonishawishi zaidi umo katika vipande vya sekunde ambavyo mtu hutumia kabla ya kutoa jibu.

Mwaka 1967, Robert Moyer na Thomas Landauer walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio ambalo watu wazima walioneshwa tarakimu mbili na kutakiwa kuchagua iliyo kubwa. Kadiri tarakimu hizo zilivyokaribiana, ndivyo jibu lilivyochelewa, hata 8 na 9 zikawachukua muda mrefu kuliko 2 na 9. Jambo hilo lastaajabisha, maana hakuna mtu mzima aliyesoma anayeshuku kwamba 9 inaizidi 8. Yaelekea akili huigeuza kila tarakimu kuwa kiasi, na viasi vilivyokaribiana huwa vigumu kutenganisha, kama vijiti viwili ambavyo urefu wake karibu unalingana.

Swali likibadilika, hali hugeuka. Mtu akioneshwa tarakimu tatu na kuulizwa kama zimepangwa kutoka ndogo hadi kubwa, kwa kawaida huikubali 3, 4, 5 upesi kuliko 2, 5, 8, ilhali kama angekuwa anapima kiasi peke yake, mfuatano wenye nafasi pana ndio ungemrahisishia kazi. (Ukivuruga mpangilio, ukaandika 4, 3, 5, wepesi huo hutoweka.) Maelezo ninayoyaona kuwa na nguvu ni kwamba hapa kumbukumbu hutangulia hesabu: namba jirani tumezitamka pamoja tangu tulipojifunza kuhesabu, kwa hiyo tunazitambua kwa mkupuo mmoja bila kuzilinganisha mbilimbili.

Tofauti hii haiishii maabara. Utafiti wa Ian Lyons na wenzake uliochapishwa mwaka 2014, uliowahusisha zaidi ya watoto elfu moja wa shule za msingi nchini Uholanzi, ulionesha kwamba katika darasa la kwanza uwezo wa kulinganisha ukubwa ndio uliohusiana zaidi na umahiri wa hesabu, lakini kufikia darasa la sita uwezo wa kutambua mfuatano ulikuwa umeupita. Kwa hiyo mwalimu anayewauliza wanafunzi wa madarasa ya juu namba ipi ni kubwa, akakomea hapo, anapima nusu tu ya jambo, tena nusu ambayo uzito wake umeshapungua.