Ile 33 kwenye kioo cha ndege

Jana usiku nimeangusha ndege. Tulieni, ni ya simuleta, ya kwenye kompyuta, hakuna aliyeumia zaidi ya heshima yangu. Ila moyo ulinidunda kweli maana mpaka sekunde ya mwisho nilikua na uhakika kila kitu kiko sawa.

Ilikua hivi. Nimedaunlodi A320, ndege ya abiria ya kampuni ya Airbus, modeli ya zamani, toleo la mwanzo mwanzo, nikaamua nitue usiku mawingu yamejaa. Magurudumu nje, flapsi (vile vibawa vya nyuma ya bawa) nje, nikataka ishuke kwa mteremko wa nyuzi 3.3, kitu cha kawaida tu. Nikazungusha kinobu cha kuchagulia mteremko mpaka namba ikasoma 33, nikaegemea kiti nikanywa chai. Kumbe ile 33 haikua nyuzi, ilikua futi 3,300 kwa dakika! Kwa spidi ile nilitakiwa nishuke kama futi 800 hivi, mimi naenda mara nne yake, na nje giza totoro sioni kitu. Mlima nikauona kwenye taa za ndege, basi, habari ikaishia hapo.

Baadae nikakumbuka hiki kitu kilishawaua watu kweli. Tarehe 20 Januari 1992, A320 ya shirika la Air Inter ikitoka Lyon kwenda Strasbourg huko Ufaransa iligonga mlima karibu na Mont Sainte-Odile. Walikua 96 ndani, wakafa 87. Wachunguzi hawakusema kwa uhakika wa asilimia mia ila dhana iliyopewa uzito mkubwa ni hiyo hiyo, kwamba marubani walidhani wamechagua mteremko wa nyuzi kumbe mtambo uko kwenye modi ya futi kwa dakika. Kinobu ni kimoja, kidirisha ni kimoja, kilichotofautisha ilikua nukta moja na herufi ndogo pembeni. Na ndege yenyewe haikua na ile mashine ya kupiga kelele ardhi ikikaribia. Airbus wakaja kubadilisha, siku hizi ukichagua futi inakuandikia tarakimu zote nne, 3300, huwezi kuichanganya na 3.3. Yaani sifuri mbili tu. Mi naona hizo sifuri mbili ni moja ya vitu vya maana kuliko mbwembwe zote zilizowekwa kwenye chumba cha rubani.

Maana tunapenda kusifia hivi vioo vya skrini, na mimi wa kwanza. Zamani ukuta mzima mbele ya rubani ulikua saa za mishale za kupimia vitu, kila injini na zake, mpaka ndege kubwa zikahitaji mtu wa tatu, injinia wa ndege, kazi yake kuzikodolea macho tu. Miaka ya 80 mwanzoni zikaja Boeing 767 na Airbus A310 na skrini zao, kompyuta ikawa ndo inaangalia injini, kukiwa shwari inakaa kimya, kukiharibika inaleta maandishi kwenye kioo, na kwenye Airbus pamoja na la kufanya. Injinia akakosa kiti. A320 ilipoingia kazini 1988 karibu kila kitu kilishahamia kwenye skrini.

Na tuseme ukweli mishale nayo ilikua na mambo yake. Altimita ya zamani, ile saa ya kupima ndege iko juu kiasi gani, ilikua na mishale mitatu, wa mamia, wa maelfu, na kadogo ka makumi ya maelfu, wapo waliokosea kuisoma kwa futi 10,000 nzima. Kwenye kioo hilo limeisha, urefu umeandikwa kwa tarakimu upande wa kulia kwenye utepe unaopanda na kushuka, spidi kushoto hivo hivo, katikati anga ya bluu na ardhi ya kahawia. Pale kwenye utepe wa spidi kuna kamshale ambako mi nakapenda sana, kanakuonyesha spidi yako itakua ngapi sekunde 10 zijazo kama hutagusa kitu. Sio ulipo, unapoelekea! Saa ya mshale haikupi hiyo.

Lakini mshale una kitu kimoja namba haina. Saa ya ukutani huisomi, unaitupia jicho tu na ushajua umechelewa, mshale ukiwa umelala upande fulani unajua mambo hayako sawa hata kabla hujajua ni ngapi. Namba lazima uisome, na kichwa kilichochoka kinasoma kinachotegemea kuona. Mimi jana nilitegemea 3.3, nikaiona 3.3. Nukta niliiweka mwenyewe kichwani.

Ndo maana siwashangai NTSB, wachunguzi wa ajali wa Marekani, 2010 walilinganisha ndege ndogo zenye skrini na zenye saa za kizamani, wakakuta za skrini zina ajali chache kwa jumla ila zile za kuua ni nyingi zaidi. Sababu ni nyingi, zinatumika tofauti, safari ndefu, hali mbaya ya hewa, na mafunzo nayo, kwahiyo msije mkasema nimesema skrini zinaua.

Sasa kinachowasaidia marubani ni mstari mwembamba juu kabisa ya kioo kikuu, watu wa simuleta wengi hata hatuuangalii. Unakuambia otopailoti, ule mtambo unaoiendesha ndege yenyewe, inafanya nini SASA HIVI, kijani ni inachofanya, bluu ni inachosubiri kufanya, na modi ikibadilika inazungushiwa kiboksi cheupe kwa sekunde 10. Makampuni mengi yanataka rubani ausome kwa sauti kila ukibadilika, na mwenzie asikie. Nilikua naona ni maigizo tu. Kinobu kinakuambia ulichotaka, ule mstari unakuambia ulichopata.

Usiku huu nimerudia ule ule uwanja, mawingu yale yale. Kabla ya kuzungusha nikasoma kwa sauti, "futi kwa dakika, sio nyuzi", nikabadilisha modi, nikasoma tena, "nyuzi, tatu nukta tatu". Mdogo wangu akachungulia mlangoni akauliza naongea na nani. Nikamwambia na ndege, akafunga mlango.

Nimetua vizuri, ila nimeigonga njia ya kutua kwa nguvu kidogo, hiyo ni mada ya siku nyingine.